Nchi na Majira Yake: Denmark na Ziwa Letu



Mtoto mmoja wa darasani aliniuliza, “Mwalimu, nchi ya Denmark yaweza kuingia ndani ya ziwa letu?” Nalicheka kwanza, kisha nikafungua atlasi. Yaweza. Denmark, tusipohesabu Greenland na visiwa vya Faroe, ina kilometa za mraba karibu 43,000. Ziwa Victoria lina karibu 68,800. Kilele chake kirefu kuliko vyote, Møllehøj, hakifiki hata meta 171 juu ya bahari. Nasi tukisimama ufukoni Mwanza, maji yakitulowesha miguu, tumekwisha kuwa juu yapata meta 1,134.

Lakini si ukubwa ulionishikisha kalamu. Nchi ile na ziwa hili vinafanana kwa jambo moja: maji ndiyo yanayotawala hewa. Ardhi hupata joto upesi na kupoa upesi, bali maji hukawia kwa yote mawili. Denmark imezungukwa na bahari karibu pande zote. Tazameni katika ramani: Copenhagen, mji wake mkuu, na Moscow ya Urusi ziko karibu mstari mmoja kutoka ikweta. Hata hivyo mwezi wa Januari Moscow hufunikwa na theluji na baridi kali, na Copenhagen hukaa karibu na kiwango cha maji kuganda tu, kwa sababu bahari ingali inatoa joto lake la kiangazi. (Lakini jua lao la Desemba huonekana saa saba tu kwa siku. Darasa zima liliwahurumia.)

Sasa turudi kwetu. Mchana nchi kavu hupata moto, hewa yake hupanda, na upepo wa ziwani huja kushika mahali pake. Ndio huo unaotupoza alasiri. Usiku mambo hugeuka. Ardhi hupoa, ziwa hubaki na uvuguvugu, na pepo hutoka nchi kavu kuelekea majini: kutoka Mwanza, kutoka Musoma, kutoka Bukoba, kutoka Uganda na Kenya. Zikikutana katikati hazina njia ila kupanda juu pamoja na mvuke wa ziwa. Hapo mawingu hujengeka, kisha radi na tufani. Ndiyo sababu dhoruba za ziwani hupenda usiku wa manane hata alfajiri, saa ambazo sisi wa vilimani tumelala na nyota ziko juu yetu.

Basi fikirini habari za mvuvi wa dagaa. Yeye huchagua usiku wa giza, usio na mbalamwezi, ili dagaa wafuate taa yake. Jioni hutazama mbingu akaiona safi, akasukuma mtumbwi. Mwaka juzi nalikwenda mwaloni asubuhi pamoja na mama mmoja jirani yetu, aliyekuwa akimngoja mwanawe. Mitumbwi ilirudi mmoja mmoja. Mama hakusema neno, alihesabu tu. Kijana wake alifika saa nne, nyavu zimepotea, taa zimepotea, mikono imechubuka kwa kukumba maji usiku kucha. Akanena, “Mama, jioni hapakuwa na wingu hata moja.”

Alisema kweli, na kweli hiyo ndiyo iliyomponza. Mbingu safi ya jioni huku pwani haitoi habari za katikati ya ziwa usiku. Kwa hiyo katika nyumba zenye wavuvi, sikilizeni kwanza utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa. Mwanza ina rada, chombo kinachopeleka mawimbi angani na kuyapokea yarudipo kutoka kwenye matone ya mvua. Huona wingu lililo mbali gizani, ambalo jicho la mvuvi haliwezi kuliona. Tena nunueni koti la kuelea kabla ya kununua taa ya pili. Najua bei yake inauma. Yule mama aliuza mbuzi wawili.

Mwezi ujao, nikijaliwa, nitaandika juu ya maji yanayotoka ziwani pale Jinja, na safari yake mpaka Misri.