Kwanza Simamisha Ada, Kisha Omba Radhi

Mwishoni mwa mwaka jana nilikuwa nyumbani kwa dada yangu kwa siku chache za mapumziko. King'amuzi kilikuwa kimelipiwa mwezi mzima, lakini siku ya pili tu picha ikapotea. Dada akapiga simu huduma kwa wateja, akajibiwa kwa upole kwamba tatizo linafahamika na mafundi wanalishughulikia. Ndani ya dakika tano aliombwa radhi mara tatu. Picha ilirudi siku ya sita. Nilimwuliza kama zile siku zitafidiwa mwisho wa mwezi. Akacheka: "Padre, na wewe! Siku zinahesabika hata kama huoni kitu."

Mpwa wangu, anayesomea kompyuta chuoni, alikuwa amekaa pembeni. "Mjomba," akasema, "kuna Wajapani waliwahi kukataa kufanya hivyo." Kisa alichonisimulia, ambacho baadaye nilikifuatilia mwenyewe, ndicho kimenifanya niandike. Kinahusu mchezo wa mtandaoni. Najua wapo watakaouliza mchezo unatafuta nini katika kurasa za seminari. Naomba uvumilivu wao, kwa maana nadhani kisa hiki kinatuhusu sisi tunaopokea fedha za watu kuliko kinavyowahusu wanaocheza.

Mchezo wenyewe unaitwa Final Fantasy XIV, na umetengenezwa na kampuni ya Kijapani ya Square Enix. Mtu hauchezi peke yake. Anaingia kupitia intaneti katika ulimwengu mmoja na maelfu ya wengine, wanasafiri, wanapigana na kufanya biashara. Kwa hiyo malipo yake ni ya namna mbili: kwanza unanunua mchezo, kisha unalipa ada kila mwezi ili mlango ubaki wazi. Ada hiyo kwa sasa ni kama dola 13 hadi 15 za Marekani. Anayelipa ada ya mwezi analipia huduma ambayo bado hajaipata. Analipia ahadi.

Mchezo huo ulizinduliwa tarehe 30 Septemba 2010, nao ulikuwa mbovu. Mitambo ilikuwa mizito, na kila kitu kidogo ulichobonyeza kilikawia. Soko lake lilikuwa kichekesho: hapakuwa na njia ya kutafuta bidhaa, hivyo ukitaka upanga ilikubidi upite kwa muuzaji mmoja mmoja kufungua mzigo wake. Baadaye watengenezaji walikuja kukiri kwamba chungu cha maua cha pambo tu kilikuwa kimechorwa kwa undani sawa na mwili mzima wa mchezaji. Kompyuta ilihangaika na vyungu huku watu wakishindwa kutembea.

Kilichofuata ndicho kilichonigusa. Kila mnunuzi alikuwa ameahidiwa mwezi wa kwanza bila ada. Mwezi ulipoisha, kampuni haikuanza kutoza, bali iliongeza muda wa bure. Mwezi Desemba 2010 rais wa kampuni, Yoichi Wada, aliomba radhi hadharani, akabadilisha uongozi wa kazi hiyo, na kutangaza kwamba ada haitatozwa mpaka mchezo ufikie hali inayostahili kulipiwa. Haikuwa ahadi ya wiki mbili. Ada ilianza kutozwa Januari 2012, zaidi ya mwaka mmoja baada ya uzinduzi. Kwa kipindi chote hicho kampuni ililipa wafanyakazi na kuendesha seva bila kupokea senti ya ada.

Aliyekabidhiwa kazi anaitwa Naoki Yoshida. Alikuta fujo ambayo hakuisababisha. Angeweza kusema, "Haya ni ya waliotangulia." Badala yake yeye na wenzake walifanya kazi mbili kwa pamoja: kuurekebisha mchezo wa zamani ili walioununua wapate walau kitu, na kuujenga mwingine upya kutoka msingi. Tarehe 11 Novemba 2012 mchezo wa kwanza ulifungwa kabisa. Kwenye hadithi yake, mwezi mwekundu ulianguka kutoka angani, joka likatoka ndani yake na kuteketeza kila kitu. Agosti 2013 ukafunguliwa mchezo mpya. Wale waliokuwa wamelipa ada miezi kadhaa katika kile kipindi kigumu cha 2012 walipunguziwa ada, na majina yao yakaandikwa katika orodha ya mwisho ya waliofanikisha kazi.

Hata huo mpya haukuanza salama. Watu walikuwa wengi kuliko uwezo wa seva, maelfu wakabaki nje na akaunti walizokwisha kuzilipia. Kampuni ikasimamisha kwa muda kuuza nakala za mtandaoni, ikaongeza seva, kisha ikafungua tena mauzo. Miaka minane baadaye, Desemba 2021, lilipotoka toleo jipya lililoitwa Endwalker, hali ilijirudia. Dunia ilikuwa katika uhaba wa chipu za kompyuta kwa sababu ya janga la korona, na seva mpya hazikupatikana hata kwa fedha. Watu walipanga foleni ya saa kadhaa ili waingie, na wengine walitupwa nje kabla zamu yao haijafika. Yoshida aliandika barua ndefu kueleza sababu moja baada ya nyingine, kwa lugha ambayo hata mimi nisiye fundi niliielewa. Pamoja na barua, kila mwenye ada hai aliongezewa siku saba za bure, kisha nyingine 14. Halafu, wiki moja kabla ya Krismasi, wakati kila mfanyabiashara anafungua duka mapema, wao walisimamisha mauzo ya mchezo. Hawakuyarudisha mpaka tarehe 25 Januari 2022.

Mtu anaweza kusema walifanya hivyo kulinda jina la kampuni, si kwa upendo. Huenda ni kweli, na mimi sina kazi ya kuwatangaza watakatifu. Tena sisemi walirudisha kila kitu. Wale wa mwaka 2010 walibaki wamelipa bei ya kununua mchezo ambao baadaye ulifungwa. Ninachosema ni kwamba walishika mpangilio sahihi: kwanza walisimamisha kupokea, kisha wakaomba radhi, kisha wakatengeneza. Wengi wetu tunaanza na radhi, tunaendelea kupokea, na kutengeneza tunamwachia Mungu.

Wenzetu mafrateri wanaosoma maadili watakumbuka kwamba jambo hili si geni. Mtakatifu Thomas wa Akwino, katika swali la 77 la sehemu ya pili ya pili ya Summa, anazungumzia udanganyifu katika kuuza na kununua. Anayejua kasoro ya bidhaa yake akaificha, huyo ametenda dhambi. Lakini Thomas anaendelea mbele zaidi: hata yule aliyeuza bila kujua kasoro hana dhambi, ila siku atakapoijua anawajibika kumfidia mnunuzi. Angalia vizuri. Kutokujua kunaondoa dhambi, hakuondoi deni. Huwezi kusema, "Sikukusudia," halafu ukabaki na fedha.

Kwa ada ya mwezi jambo hili ni zito zaidi. Ukiniuzia jembe bovu, umeniuzia mara moja, tukagombana mara moja. Lakini ukichukua ada kila mwezi kwa huduma unayojua haifanyi kazi, kila mwezi unauza upya kasoro unayoijua. Mwezi wa kwanza unaweza kuitwa bahati mbaya. Mwezi wa pili tutafute jina jingine.

Fidia nayo ina namna zake. Machi 2013 kampuni ya Marekani ya Electronic Arts ilizindua mchezo uitwao SimCity, ambao haukuchezeka bila kuunganishwa na seva zao. Seva zikazidiwa, na walionunua wakashindwa kucheza kwa siku kadhaa. Kampuni iliwapa wateja mchezo mwingine mmoja bure. Si vibaya, zawadi ni zawadi. Lakini mchezo uliokwisha kutengenezwa ni kama nguo iliyoko kabatini, kuitoa hakumwumizi sana mtoaji. Kufunga duka wiki moja kabla ya Krismasi kunauma. Naona radhi hupimwa hapo: je, imemgharimu kitu anayeiomba?

Najua pingamizi kubwa. Huo ni mchezo tu. Watu wana njaa, na sisi tunahesabu siku za burudani. Pingamizi hili nililifikiria kwa muda, na naliheshimu. Hata mimi ningependa vijana wetu wapunguze saa za kukaa mbele ya kioo. Lakini fedha iliyolipa ada ile haikuwa mchezo. Ilikuwa jasho la mtu: zamu ya usiku, mauzo ya genge, posho ya mwanafunzi. Haki haiulizi kwanza kama kitu ulicholipia ni cha maana machoni pangu. Ikiwa dada yangu anastahili siku zake sita za king'amuzi, mchezaji wa Osaka anastahili zake 21.

Sasa nije kwetu. Sisi pia tunapokea ada. Tunaiita michango, tegemezo, mfuko wa ujenzi, lakini kwa mama anayetoa shilingi elfu mbili kila mwezi ni kitu kile kile: analipia ahadi. Anaahidiwa paa, anaahidiwa zahanati, anaahidiwa basi la kwaya. Tunajua parokia ambako paa lilichangiwa mpaka likatimia kwenye daftari, na bado mvua inanyesha juu ya benchi. Jumapili inayofuata anasimama mtu mbele, anaomba radhi kwa kuchelewa, anataja bei ya saruji na mabati, kisha anatangaza mchango wa awamu ya pili.

Frateri unayesoma hapa, siku moja utapewa barua ya kwenda parokia ya namna hiyo. Utakuta daftari ambalo hukuliandika na deni ambalo hukulikopa. Kishawishi kitakuwa kusema, "Hayo ni ya mtangulizi wangu, tuanze ukurasa mpya." Waumini watapiga makofi, kwa kuwa wanakupenda. Lakini wao hawakumpa fedha mtangulizi wako kama mtu. Waliipa parokia, na parokia sasa ni wewe.

Ushauri wangu ni mfupi. Jumapili yako ya kwanza usitangaze mchango wowote. Soma hesabu zote kanisani, hata zile zinazoaibisha. Waeleze sababu kwa lugha wanayoielewa mafundi na wasio mafundi. Sema mchango umesimama mpaka kile kilichokwisha kulipiwa kionekane kwa macho, hata kama ni mabati kumi tu ya kwanza. Halmashauri ya walei itaogopa kwamba watu wakizoea kutotoa hawatarudi. Wachezaji wa Square Enix walirudi, tena wakawa wengi kiasi cha kujaza mlango. Waumini wetu wana sababu kubwa zaidi ya kurudi.

Nilipoondoka kwa dada, ada ya mwezi mpya ilikuwa inadaiwa. Alilipa, kwa sababu watoto walikuwa likizo. Zile siku sita hakuna aliyezitaja tena.