Jifunze Picha Kabla ya Photoshop

Msimu wa kampeni za serikali ya wanafunzi ukifika, hebu tembea kutoka bwenini hadi kafeteria ukiangalia mabango tu. Mgombea wa kwanza uso wake una ukungu, utadhani alipigwa picha akiwa ndani ya chandarua. Wa pili amevutwa kwa upana mpaka kichwa kimekaa kama embe dodo. Wa tatu amefanywa mweupe kiasi kwamba hata mwenzake wa chumbani inabidi asome jina ndipo amtambue. Bango la nne lina maandishi mekundu juu ya bluu na aina tano za herufi, na kama unawahi kipindi huambulii hata cheo anachogombea.

Waliotengeneza mabango hayo si mbumbumbu. Wengi wana Photoshop kwenye laptopu, simu zao zimejaa programu za kuhariri, na wameangalia video za mafunzo mpaka bando likakata. Vitufe wanavijua. Kitu ambacho hakuna aliyewafundisha ni picha yenyewe: imeundwa na nini, inaharibika vipi, na kwa nini kwenye simu ilipendeza halafu kwenye karatasi ikawa aibu. Ndiyo maana nasema tumeanza kujifunza fani hii kwa mkia. Na gharama yake tunailipa kwa fedha ya bumu, maana bango likiharibika linachapwa upya, na mwenye mashine ya kuchapa halali njaa kwa sababu yako.

Tuanze na jambo ambalo lingechukua dakika kumi tu darasani. Picha ya kidijitali ni jedwali la namba. Kama umewahi kufungua Excel, nusu ya somo unayo tayari. Kila kijichumba cha jedwali ni pikseli moja, na ndani yake mna namba tatu: kiasi cha nyekundu, cha kijani na cha bluu, kila moja kuanzia 0 hadi 255. Zote zikiwa 0 unapata nyeusi. Zote zikiwa 255 unapata nyeupe. Nyekundu na kijani zikijaa, bluu ikawa 0, unapata njano, jambo linalowashangaza waliozoea kuchanganya rangi za maji shule ya msingi. Ukizidisha 256 mara tatu utaona kwamba pikseli moja inaweza kuwa na rangi yoyote kati ya 16,777,216. Mwaka 1957 Mmarekani Russell Kirsch na wenzake waliingiza kwenye kompyuta picha ya mwanawe mchanga ikiwa na pikseli 176 kwa 176 tu. Mpaka leo msingi ni huohuo, kilichoongezeka ni idadi.

Ukishajua hilo, vitufe vinaacha kuwa uganga. "Ongeza mwanga" maana yake ni kuongeza namba. Sasa chukua shati jeupe la mgombea, ambalo namba zake zilikuwa kati ya 215 na 250, na mikunjo inaonekana vizuri. Ongeza 60 kila mahali. Zote zinagonga dari la 255 na kubaki hapo, mikunjo inafutika, shati linakuwa kama karatasi iliyobandikwa kifuani. Ukihifadhi hivyo, hata ukipunguza mwanga kesho mikunjo hairudi, kwa sababu namba zilizoitofautisha hazipo tena. Mtu anayejua hili hufanya mabadiliko kwenye leya ya pembeni na kuiacha picha ya asili bila kuguswa. Mtu asiyejua anakwambia kompyuta yake ina tatizo.

Ukungu nao hauna siri. Umechukua picha ya kundi, ukakata uso wa mgombea wenye upana wa pikseli 200, ukauweka kwenye bango uwe na upana wa sentimita 60. Gawanya: kila pikseli sasa ina milimita 3, karibu sawa na punje ya choroko. Programu inajitahidi kulainisha katikati ya punje na punje kwa kukisia, na kukisia huko ndiko unakokuita ukungu. Kwa karatasi ya A4 inayosomwa mkononi, wachapaji hupenda pikseli 300 kwa kila inchi, yaani takriban 2480 kwa 3508. Bango la kuonekana kutoka ng'ambo ya barabara linavumilia pungufu ya hapo, hata 100 kwa inchi. Lakini choroko havumilii mtu.

Na jamani, WhatsApp. Picha ikitumwa kwa njia ya kawaida inapunguzwa ili isafiri haraka, na kila ikihifadhiwa upya kama JPEG inapoteza kitu, kwa sababu JPEG hupunguza uzito kwa kutupa yale ambayo jicho halitayakosa sana. Inafanya kazi hiyo kwa vipande vya pikseli 8 kwa 8, ndiyo maana picha iliyozunguka kwenye magrupu matano huanza kuonyesha vimraba. Dawa yake haina gharama: itume kama faili la hati, si kama picha. Kitu kidogo hivyo kingeokoa mabango mangapi.

Nembo ni habari nyingine, na hapa ndipo jumuiya na vilabu vyetu vinapopoteza fedha mwaka hadi mwaka. Nembo haitakiwi kuwa jedwali la pikseli. Inatakiwa kuwa vekta, yaani maelezo ya mistari na mikunjo: anzia hapa, pinda hivi, ishia pale, jaza rangi hii. Kompyuta huichora upya kila unapobadilisha ukubwa, kwa hiyo inakaa kwenye kalamu na inakaa kwenye ukuta wa ghorofa bila kuchoka. Klabu inamlipa mtu atengeneze nembo, inapokea JPEG yenye mandhari meupe kwenye simu, inashangilia. Uongozi mpya unapoingia unataka fulana, fundi wa skrini anaomba faili halisi, hakuna. Analipwa mtu mwingine aichore upya. Mwaka unaofuata, tena. Fundi yule hakuwa anasumbua: kwenye fulana kila rangi ina skrini yake, na nembo yenye vivuli thelathini vya bluu haichapiki kwa skrini mbili mlizolipia.

Kuhusu rangi nisikuchoshe. Simu inatoa mwanga, karatasi inapokea wino. Ile bluu inayowaka kwenye skrini haipo ndani ya chupa ya wino, kwa hiyo itafifia ikichapwa. Omba karatasi moja ya majaribio kabla ya kuchapa 200.

Kuhusu kupanga maandishi, sihitaji kuwatuma mbali. Fungua sanduku la mama utoe kanga. Pindo limezunguka, mji uko katikati, na jina ni mstari mmoja wa herufi kubwa zinazosomeka hata mvaaji akiwa anatembea. Aliyebuni hakuhitaji aina tano za herufi. Bango lenu lina maneno 90, anayelisoma anatembea, na bado mnashangaa hakuna aliyekuja kwenye kongamano.

Lakini jambo linaloniuma zaidi ya choroko na fulana ni yule mgombea wa tatu, aliyefanywa mweupe. Historia ya picha za rangi haikutupendelea. Kwa miongo kadhaa maabara nyingi za kusafishia filamu zilipima usahihi wa rangi kwa kadi za Kodak zenye picha ya mwanamke mzungu, maarufu kama kadi za Shirley. Yeye akitoka vizuri, mashine imekaa sawa. Watu weusi walitoka kama vivuli vyenye meno, na ikaonekana tatizo ni ngozi yao. Leo hakuna kadi, tuna simu zenye kichujio cha urembo ambacho wengine hukikuta kimewashwa, na tuna dizaina mwenzetu ambaye mkono wake wa kwanza ni kupandisha mwanga wa picha nzima mpaka ngozi iwe rangi ya chai ya maziwa. Halafu anasema "nimekutoa fresh". Nimeona picha za mahafali ambapo dada wanne wa rangi nne tofauti wametoka rangi moja.

Kuna njia nyingine na haihitaji kipaji. Fungua chombo cha Curves, shika mstari katikati na uuinue kidogo, ukiacha ncha ya giza na ncha ya mwanga palepale. Sehemu za kati ndizo zinazong'aa, macho na mashavu yanaonekana, nywele zinabaki nyeusi na ngozi inabaki ya mwenyewe. Bora zaidi, mpeleke dirishani umpige picha huko, maana giza lisilo na namba ndani yake halina cha kufufua. Uso wa mtu mweusi una mwanga mwingi wa kupendeza kwenye paji na mashavu, sharti aliyeshika kipanya ajue kuutafuta. Kumpausha mwenzako kwa sababu hukujifunza mstari mmoja wa kupinda ni kumdharau, hata kama kwenye grupu kakujibu kwa emoji ya moto.

Najua wengine wameshafungua ukurasa unaofuata kwa sababu wanasoma ardhi, baiolojia au uhasibu. Rudini kidogo. Anayesoma ardhi akitumia picha za setilaiti za Landsat anajua kwamba pikseli moja ya picha hizo, kwa mikanda yake mingi, ni mita 30 kwa 30 za nchi kavu, na kwamba kila mkanda ni picha yake ya kijivu, inayopewa nafasi ya nyekundu, kijani au bluu. Msitu unaoonekana mwekundu kwenye ramani yake si msitu unaoungua, ni mwanga wa infraredi uliowekwa kwenye nafasi ya nyekundu. Ni jedwali lilelile la mgombea wetu. Mwenzake wa baiolojia anapaswa kujua kwamba kurekebisha mwanga wa picha nzima ya hadubini kwa kiasi hukubalika kwenye majarida ya sayansi, lakini kung'arisha bendi moja tu ili matokeo yapendeze ni udanganyifu unaoweza kufuta makala. Na mhasibu, ile chati uliyoipiga picha ya skrini ukaibandika kwenye tasnifu kama JPEG, herufi zikaota ukungu pembeni, ungeihifadhi kama PNG au vekta profesa angeona namba badala ya kukunja uso.

Isitoshe, sote tunapokea matangazo ya kughushi. Barua ya kuahirisha mitihani inaruka kwenye grupu saa nne usiku na watu wanaanza kufungasha. Anayejua pikseli hukuza tarehe: je, herufi zake ni safi kuliko zile za mstari wa juu? Karatasi iliyozizunguka ina chembechembe au imekuwa nyeupe tupu? Hiyo haithibitishi kila kitu, maana mghushi hodari huficha, ila inatosha kukuzuia usiisambaze kabla ya kuuliza ofisini.

Watasema akili mnemba itatufanyia yote. Sawa. Inakupa bango kwa sentensi moja, halafu kwenye "UCHAGUZI" inaongeza herufi ambayo haipo kwenye alfabeti yoyote, na faili lina pikseli 1024 kwa 1024 ambazo unataka kuzitandaza mita mbili. Nani ataandika neno upya? Nani atajua kwamba zile 1024 hazitoshi?

Kisingizio kingine ni Photoshop ghali. Ni kweli: tangu 2013 Adobe imehamia kwenye malipo ya kila mwezi, na wengi wetu tunazungusha nakala zilizovunjwa kufuli kwa fleshi, virusi vikiwa abiria. Lakini angalia fani yenyewe ilikotoka. Mwaka 1963 Ivan Sutherland, mwanafunzi wa uzamivu pale MIT, aliwasilisha Sketchpad, programu iliyomwezesha mtu kuchora kwenye skrini kwa kalamu ya mwanga. Photoshop ilianza 1987 mikononi mwa Thomas Knoll, naye mwanafunzi wa uzamivu, Chuo Kikuu cha Michigan, kabla ya Adobe kuitoa 1990. Na GIMP, ambayo ni huria na ya bure, iliandikwa na wanafunzi wawili wa Berkeley, Spencer Kimball na Peter Mattis, kuanzia 1995. Wanafunzi, wote. GIMP ina leya, ina Curves, ina kila nilichotaja kuhusu pikseli, na kwa vekta kuna Inkscape, bure pia. Laptopu ya mtumba inazimudu zote mbili.

Kwa hiyo ninachoiomba serikali ya wanafunzi ni vitu vitatu, na hakuna hata kimoja kinachohitaji mfadhili. Mosi, nembo au bango lolote linalolipiwa kwa fedha zetu lisipokelewe bila faili lake la vekta, na faili hilo likabidhiwe uongozi unaofuata pamoja na mihuri. Pili, GIMP na Inkscape ziwekwe kwenye kompyuta za maabara. Tatu, Jumamosi nne za somo la msingi, wafundishe wale wanaojua tayari, na tunao. Siku ya kwanza hata kompyuta isiwashwe: karatasi ya hesabu, penseli za rangi, kila mtu ajaze vijichumba 16 kwa 16 achore uso wa jirani yake. Maabara hufungwa Jumamosi saa sita mchana. Waziri wa elimu akipata ruhusa ya ufunguo ubaki hadi saa kumi, mimi nitaleta penseli.