Afya ya Watu: Daftari la Mgonjwa wa Kibera

Mtu apitaye alfajiri katika njia za Gatwekera au Laini Saba, huko Kibera, huona watu wengi wakienda kwa miguu kuelekea Eneo la Viwanda kutafuta kibarua. Huko Kawangware nako wanawake huondoka saa hiyo hiyo kwenda Lavington, kutafuta nyumba zenye nguo za kufua. Wote hao hulipwa kwa siku. Asiyefika hapati, na asiyepata hana cha kupika jioni. Jambo hili lapasa kukumbukwa kabla ya kumlaumu mgonjwa kwamba hakurudi kliniki siku aliyoambiwa.

Chukua mfano wa mama mwenye ugonjwa wa kupanda kwa damu, ambao watu wengi huuita presha, na ambaye ana ugonjwa wa sukari pia. Mara nyingi huambiwa aje siku moja kwa ajili ya presha na siku nyingine kwa ajili ya sukari. Na ikiwa anameza dawa za virusi vya Ukimwi, kuna siku ya tatu. Kila mara hukaa foleni tangu asubuhi, akapimwa na mtu asiyemjua, akaulizwa maswali yale yale. Kumbukumbu ya maradhi yake ni daftari la shule alilolinunua dukani kwa fedha zake mwenyewe. Mvua ikipita katika bati lililotoboka, daftari huloa, na habari za miaka mitatu hupotea kwa usiku mmoja. Je, ni ajabu akichoka, akaenda duka la dawa kununua vidonge vichache kwa kadiri ya senti alizo nazo? Presha haimwumi mtu wala haimwashi. Siku aangukapo na kupooza upande mmoja, majirani husema amerogwa.

Wala wagonjwa wa namna hii si wachache. Uchunguzi uliofanywa nchini Kenya mwaka 2015 ulionyesha kwamba karibu mtu mzima 1 kati ya 4 alikuwa na damu iliyopanda, na zaidi ya nusu ya watu wazima hawakuwa wamepimwa hata mara moja.

Huko Kibera limekwisha kujaribiwa jambo la maana. Mwezi wa Agosti 2013, chama cha Madaktari Wasio na Mipaka kilianza kuwakusanya wagonjwa ambao hali yao imetulia katika vikundi vya watu 25 hadi 35. Kila baada ya miezi mitatu kikundi hukutana na muuguzi. Watu hupimwa, huzungumza kidogo juu ya afya, hupewa dawa zao, kisha huenda zao. Aonekanaye kuwa na shida hupelekwa kwa tabibu. Jambo lililowashangaza wengi ni kwamba mwenye virusi, mwenye sukari na mwenye presha waliketi pamoja, wala mpita njia hakuweza kujua nani ana nini. Katika mwaka wa kwanza waliingia wagonjwa 1,432 katika vikundi 47, na walioacha kufika walikuwa wachache sana, karibu 3 au 4 katika kila 100. Mgonjwa alipofikiriwa kuwa mtu mwenye kazi na aibu zake, alirudi mwenyewe bila kutafutwa.

Mwaka 2017 chama hicho kiliikabidhi Serikali kazi yake ya Kibera. Mwaka huo huo madaktari wa serikali walikuwa wamegoma tangu Desemba 2016 hata Machi, na wauguzi wakagoma kuanzia Juni hadi Novemba. Wauguzi walikuwa na madai yao, na haki isikilizwe. Lakini kidonge cha presha hakingojei mapatano.

Tangu Septemba 2023 Serikali imewatuma watembeleaji wa afya zaidi ya 100,000 katika nchi nzima, kila mmoja akiwa na nyumba zipatazo 100 za kuangalia. Wana mkoba wenye kipimo cha damu na cha sukari, na simu ya kuandikia habari. Sheria iliyopitishwa mwaka huo yataka watu hao, zahanati na vituo vya afya vifungwe pamoja chini ya hospitali moja iliyo shina lao. Mpango ni mzuri. Lakini posho yao ni shilingi 5,000 kwa mwezi, nusu kutoka Serikali Kuu na nusu kutoka kaunti, na wengi wamelalamika kwamba huchelewa. Mtembeleaji aishiye Kawangware hulipa kodi ya nyumba kama jirani zake. Posho isipofika, naye itambidi aamke alfajiri aende Lavington kufua, na zile nyumba 100 zitabaki bila mtu wa kuwapima waliomo.