Mezani kwa Walimwengu: Soko la Yerusalemu na Chakula Chenye Masharti



Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Walakini chakula kinachopikwa kando ya barabara hujiuza kwa harufu, na harufu haimwambii mnunuzi nyama imetoka wapi, wala nani aliyeichinja, wala kikaango kile jana kilikaangiwa nini. Mlaji hana budi kumwamini mtu asiyemjua. Juma hili safu yetu inakwenda Yerusalemu, katika soko la Mahane Yehuda, ili tuone jinsi watu wa huko walivyolishughulikia jambo hili, na pale ambapo hata leo hawajapatana.

Soko hilo lilianza mwishoni mwa karne ya 19, zama za utawala wa Waturuki, wakulima wa vijiji vya jirani walipokuwa wakitandaza mazao yao katika uwanja ulio nje ya mji wa kale. Baadaye, chini ya utawala wa Waingereza, vilijengwa vibanda vya kudumu na mapaa. Vichochoro vyake vina majina ya matunda. Kimoja huitwa Tufaha, kingine Pichi. Ijumaa asubuhi hapana pa kuweka mguu: akina mama na vikapu vyao, askari wenye bunduki begani wakirejea makwao kwa mapumziko, wachuuzi wakinadi bei kwa sauti kuu. Kabla jua halijatua king'ora hulia mjini na vibanda hufungwa, kwa maana Sabato inaingia.

Na vyakula vyenyewe? Kuna falafeli, nayo ni dengu zilizolowekwa usiku kucha, zikasagwa pamoja na kitunguu saumu, giligilani na bizari, zikafanywa vidonge na kukaangwa katika mafuta mengi. Anayekula bajia za kunde ataitambua mara moja. Hutiwa ndani ya mkate bapa wenye mfuko, pamoja na kachumbari na rojo la simsim. Kuna sabihi, chakula kilicholetwa na Wayahudi waliotoka Iraki: biringanya za kukaanga, yai la kuchemsha, na juu yake achari ya embe iliyofika Baghdad kutoka Bara Hindi kwa njia ya biashara. Asili yake ni staftahi ya Sabato. Kwa kuwa siku hiyo ni haramu kuwasha moto, biringanya zilikaangwa Ijumaa, na mayai yaliachwa juu ya moto mdogo hadi asubuhi. Kadhalika katika mtaa wa Agripas, kando ya soko, huuzwa mchanganyiko wa Yerusalemu: mioyo, bandama na maini ya kuku, yaliyokaangwa kwa vitunguu na viungo juu ya bamba la chuma. Mwenye kupenda utamu hukatiwa kipande cha haluwa ya simsim.

Vyakula hivi huuzwa kwa sharti la kuwa kosheri, neno la Kiebrania lenye maana ya kinachofaa. Chanzo cha masharti hayo ni Torati. Mnyama sharti awe na kwato zilizopasuka na awe mwenye kucheua, kama ng'ombe, mbuzi na kondoo. Nguruwe ana kwato lakini hacheui. Ngamia hucheua lakini hana kwato zilizopasuka. Basi wote wawili hawaliwi. Samaki sharti awe na mapezi na magamba. Kwa kipimo hicho ngege na sangara wa ziwa letu wangekubaliwa, bali kambare, asiye na magamba, angerudishwa majini. Mnyama huchinjwa na mchinjaji aliyefunzwa, kwa kisu kisicho na pengo hata dogo. Kisha nyama hulowekwa nusu saa, hutiwa chumvi na kuachwa saa moja ili damu ichuruzike, halafu huoshwa mara kadhaa. Ini, kwa wingi wa damu yake, halitakaswi kwa chumvi. Sharti lichomwe juu ya moto.

Msomaji Mwislamu ataona humo mengi anayoyafahamu. Lililo geni kwake ni sharti la kutochanganya nyama na maziwa. Vyombo vya kimoja havitumiki kwa kingine, na Wayahudi wengi wakisha kula nyama hungoja saa 6 kabla ya kugusa jibini. Ndiyo maana kibanda cha nyama hakiuzi kahawa ya maziwa, na mtoto mwenye andazi la jibini haruhusiwi kuketi nalo katika meza ya duka la nyama. Hata maumbo ya maandazi ni lugha: aghalabu la pembetatu lina jibini, na la mraba lina viazi.

Mnunuzi ayajuaje haya yote katika msongamano ule? Hutazama ukutani. Duka lililokubaliwa hutundika cheti cha marabi, chenye jina la duka na tarehe ya kwisha kwake. Sheria ya mwaka 1983 inamkataza mwenye duka kuandika kwamba chakula chake ni kosheri ikiwa hana cheti hicho. Hapo ndipo ugomvi ulipozuka. Kwa miaka mingi mkaguzi alikuwa akilipwa na mwenye duka yule yule anayemkagua. Baadhi ya wenye mikahawa wa Yerusalemu walilalamika kwamba wanamlipa mtu anayepita kwa dakika chache tu, wakavikataa vyeti na kutafuta wasimamizi wengine. Shauri lilifika Mahakama Kuu, nayo ikaamua mwezi Septemba 2017 kwamba mwenye duka anaweza kueleza kwa maandishi masharti anayoyafuata, mradi aseme wazi kwamba hana cheti cha marabi.

Jambo hili lawahusu pia askari. Sheria ya mwaka 1948, mwaka ule ule jeshi la Israeli lilipoundwa, iliagiza kwamba chakula cha askari kiwe kosheri. Maana yake ni kwamba mshika dini na asiyeshika waweza kula chungu kimoja, bila mmoja kujitenga na sahani yake. Kila aliyepata kuishi kambini anajua thamani ya jambo hilo.

Hapa Uganda masharti hayo si mageni. Karibu na Mbale wanaishi Abayudaya, walioshika dini ya Kiyahudi tangu mwaka 1919 wakimfuata Semei Kakungulu, aliyekuwa kiongozi wa vita. Waliishika hata wakati wa utawala wa Idi Amin, 1971 hadi 1979, ilipopigwa marufuku. Kijijini mlaji humjua mchinjaji, na baba yake, na mwenendo wake. Hilo ndilo cheti. Mjini, ambako hatujuani, hapana budi karatasi isimame mahali pa ujirani. Lakini karatasi haina nguvu kuliko mtu aliyeitia sahihi, na mtu huyo hawi huru ikiwa riziki yake imo mkononi mwa anayemkagua.

Basi mama unayenunua chakula njiani kwa ajili ya watoto, usione haya kuuliza nyama imechinjwa wapi, na mafuta yamebadilishwa lini. Muuzaji mwaminifu hachukii swali. Nawe askari au mkaguzi unayepita sokoni kwa kazi, lipia sahani yako kama wateja wengine, kabla hujaonja. Siku utakapolazimika kukifunga kibanda kile, hutakuwa na deni la mwenyewe.

Kwa leo tuishie hapa. Juma lijalo, tukijaliwa, tutazungumza juu ya kuhifadhi nyama bila barafu.