Na mume apimwe

Mhariri,

Mwanamke akimaliza mwaka kwenye ndoa bila ujauzito, mawifi huanza maneno. Anapimwa homoni, anapigwa ultrasaundi, anazungushwa kwa waganga. Mumewe hajaulizwa lolote. Hili linaniuma, kwa sababu katika karibu nusu ya ndoa zinazokosa mtoto, tatizo liko kwa mwanaume, peke yake au pamoja na mkewe.

Na kipimo chake cha kwanza si kigumu. Anakaa siku 2 hadi 7 bila kutoa manii, kisha anayatoa kwenye kikopo safi. Kikopo kifike maabara ndani ya saa 1, kikiwa karibu na mwili kisipoe. Huko mbegu huhesabiwa kwa darubini na kuangaliwa zinavyokwenda. Jibu baya likitoka, kipimo kirudiwe, maana hata homa kali huweza kushusha mbegu kwa miezi kadhaa. Nguvu za kitandani si ushahidi: mwanaume anaweza kuwa rijali na manii yake yasiwe na mbegu hata moja.

Daktari naye asiishie kwenye karatasi ya maabara, ampapase korodani. Mishipa iliyovimba huko mara nyingi hutibika kwa upasuaji. Wapo pia waliozaliwa bila mirija ya kupitishia mbegu, na baadhi yao wana figo moja tu pasipo kujua. Hao wapigwe ultrasaundi ya figo.

Naziomba kliniki zetu: wanandoa wakija kwa shida ya mtoto, fungueni mafaili mawili siku ileile, la mke na la mume.

Msomaji wako,
Morogoro