Mwacheni Junie B. aongee anavyoongea

Shule niliyofanyia mazoezi ya kufundisha ilikuwa na boksi la vitabu vya msaada kutoka Marekani, na ndani yake nakala mbili za Junie B. Jones. Mwalimu mmoja alizitoa akazipandisha juu ya kabati. Sababu yake: kitabu kina Kiingereza kibovu na kinafundisha utundu. Nimewasimulia wenzangu wa kitivo, wengi wakamuunga mkono. Mi nadhani kwenye utundu amekosea, na kwenye Kiingereza ana hoja, ila siyo hoja ya kukifungia kitabu.

Kwa ambao hamjakutana naye, Junie B. ni mtoto wa darasa la awali aliyetungwa na Barbara Park. Kitabu cha kwanza kilitoka 1992, na Park alipofariki 2013 alikuwa ameshaandika zaidi ya 25. Ile B ni ya Beatrice, jina asilolipenda kabisa, lakini B yenyewe ukiisahau mmekosana. Siku ya kwanza ya shule anapanda basi linalonuka na lenye kelele. Halafu anasikia kwamba wakati wa kurudi watoto humwagiana maziwa ya chokoleti kichwani. Basi muda wa kwenda nyumbani ukifika, anajificha stoo ya vifaa mpaka wote wameondoka. Shule nzima inakuwa yake. Anazurura, anaingia hadi kwa nesi, kisha haja inambana na vyoo vimefungwa. Anapiga simu ya dharura. Sasa niambie wewe, kwa mtoto wa miaka mitano hiyo siyo dharura?

Hapo ndipo tunapouita utundu. Ukisoma vizuri unaona ni woga mtupu. Mtoto kaambiwa jambo la kutisha, akatafuta njia ya kulikwepa kwa akili aliyonayo. Kitabu cha pili ni hivyo hivyo: bibi anamsifia kaka mdogo aliyezaliwa kwamba ni kajinyani, na Junie anaenda kutangaza darasani kuwa kwao kuna nyani. Hajadanganya. Kasema alichosikia. Sisi tunaoenda kufundisha wadogo tutakutana na kesi za hivyo kila wiki, na asiyewahi kuziona kwa jicho la mtoto atamalizia kwenye kiboko.

Kwenye lugha, wazazi wa Marekani nao wamelalamika. Chama cha Maktaba cha Marekani kiliuweka mfululizo huu kwenye orodha ya vitabu 100 vilivyopingwa zaidi kati ya 2000 na 2009. Junie anasema runned badala ya ran. Lakini jamani, si tumesoma haya? Mwaka 1958 Jean Berko aliwaonyesha watoto picha ya kiumbe cha kubuni, akakipa jina ambalo hawajawahi kulisikia, akawauliza wakiwa wawili wataitwaje. Wengi walitoa wingi sahihi. Hawakukariri, walikuwa na kanuni kichwani. Mtoto anayesema runned ameshika kanuni ya wakati uliopita, bado tu hajajua kwamba neno hilo halifuati. Kwenye Kiswahili yupo yule anayesema "mwalimu, mi sikukula" akimaanisha hajala. Kachukua ile ku ya "ninakula" akaipeleka isipotakiwa. Kisarufi amekuhakikishia kwamba hajakutafuna wewe.

Hapa ndipo hoja ya yule mwalimu inapopata nguvu. Msomaji wa Junie B. kule kwao ana miaka saba au minane. Ni mkubwa kuliko Junie, anajua runned siyo, na kicheko kinatoka hapo: kwa mara moja yeye ndiye anayejua. Mtoto wetu wa darasa la nne anayekutana na Kiingereza vipindi vichache kwa wiki hana uhakika huo. Hatacheka, atanakili. Kwa hiyo ningekishusha kitabu kutoka kabatini, ila ningekisoma kwa sauti mimi mwenyewe na kusimama kila Junie anapoteleza, niwaulize wangesemaje wao.

Ninachokitaka zaidi ni Junie B. wa Kiswahili, anayesema "sikukula" mbele ya wasomaji wanaojua kabisa amesema nini. Darasa zima litacheka, na hata mwenye aibu atanyoosha mkono amsahihishe. Somo la viambishi limeisha bila chaki.

Lakini angalieni maelekezo ya kazi yetu ya muhula huu: tunga hadithi ya watoto, kisha mwishoni andika "hadithi hii inatufundisha nini", alama tano. Ukiwa na alama tano zinazokusubiri hapo, mhusika wako hawezi kujificha stoo halafu akarudi nyumbani salama. Itabidi aumwe na nyoka, au aokolewe na mzee mwenye hekima. Ndiyo maana hadithi kumi za mwanzo nilizosoma za wenzangu zina watoto watiifu ambao ukikutana nao mtaani utauliza kama wanaumwa.

Naomba wahadhiri wa kozi waziondoe hizo alama tano kabla hatujakusanya, au wazihamishie kwenye swali jingine: mtoto atacheka ukurasa gani? Wakikataa, yangu itakuja bila funzo, na hesabu ya tano nitakazokosa nimeshaipiga.