Moto upo, gesi ipo, friji imegoma

Jumamosi iliyopita, badala ya kumaliza kazi ya mteja, nilijikuta nasoma mwongozo wa friji ya karavani. Usicheke! Karavani ninayosema si msafara wa ngamia, ni ile nyumba ndogo ya magurudumu ambayo Wazungu huifunga nyuma ya gari na kwenda nayo likizo. Mwongozo ulisema friji inatumia gesi, kisha mstari wa chini ukaongeza kwamba bila umeme wa volti 12 haiwaki, hata mtungi ukiwa umejaa. Nikasoma mara mbili.

Mwaka 1885 Dkt. William Gordon Stables alitengenezewa karavani ya matembezi huko Bristol, Uingereza. Aliiita The Wanderer. Ilikuwa ya mbao nzito, ikivutwa na farasi wawili. Kampuni ya Eccles ya Birmingham ilipoanza mwaka 1919 kutengeneza karavani za kuvutwa na gari, uzito ukawa ndio bosi wa kila kitu. Mwaka 1936 Airstream ya Marekani ikatoa Clipper, bodi ya alumini iliyopigwa ribiti kama ndege. (Hizi zimewahi kupita hapa kwetu: mwaka 1959 Wally Byam aliongoza msafara wa Airstream 41 kutoka Cape Town hadi Cairo, na Kenya ilikuwa njiani.) Hadi leo Waingereza humshauri anayeanza kwamba karavani yake ikishapakiwa isizidi asilimia 85 ya uzito wa gari. Laiti wateja wangu wangekuwa na kanuni kama hiyo kabla ya kuniomba "kitufe kimoja tu zaidi"!

Lakini kifaa nikipendacho ni friji. Mwaka 1922 wanafunzi wawili wa Sweden, Baltzar von Platen na Carl Munters, walibuni friji inayopoza kwa moto. Ndiyo, kwa moto. Mwali mdogo unachemsha mchanganyiko wa maji na amonia. Mvuke wa amonia unapanda, unapoa na kuwa kimiminika, kisha unakutana na haidrojeni na kugeuka mvuke tena, na hapo ndipo unapofyonza joto la ndani ya friji. Mwishoni maji yanaimeza amonia na mzunguko unaanza upya. Hakuna mota wala pampu. Zile friji za mafuta ya taa zilizotunza chanjo kwenye zahanati zisizo na umeme zilifanya kazi kwa njia hiyo hiyo.

Sasa wameweka bodi ya elektroniki katikati. Inachagua yenyewe kati ya gesi na umeme, inawasha cheche, inaongea na simu yako. Vizuri sana, hadi betri iishe. Hapo una gesi, una kiberiti mfukoni, na nyama inaoza!

Sisemi elektroniki zote ni anasa. Karavani ikianza kuyumba nyuma ya gari inaweza kupindua vyote viwili, na siku hizi kuna mitambo inayohisi kuyumba huko na kukamata breki za karavani yenyewe. Hiyo nailipia bila kulalamika. Kazi ile haikuwa na njia nyingine rahisi. Friji ilikuwa nayo.

Kinachoniuma ni kwamba kosa hili nalijua kwa ndani. Niliwahi kuandikia duka moja la jumla programu ya mauzo ambayo haikuruhusu risiti itoke kabla seva haijajibu. Mtandao ukakatika siku ya mwisho wa mwezi. Unga upo, wateja wapo na pesa mkononi, mwenye duka ananipigia simu, nami sina la kumwambia. Baadaye niliandika upya ili mauzo yahifadhiwe kwanza kwenye kompyuta ya dukani, seva ijulishwe mtandao ukirudi.

Friji nyingi za zamani za karavani zilikuwa na suluhisho lao. Ncha ya chuma ilikaa ndani ya mwali, joto likazalisha umeme kidogo mno, umeme huo ukashikilia valvu ya gesi wazi. Mwali ukizimika, ncha inapoa na gesi inajifunga. Usalama kamili bila betri. Watengenezaji wawekeni bodi na skrini zao, lakini waiache valvu ile pale chini, na kitufe cha cheche kando yake.